Hadithi Isiyo na Komeo

4 Februari

Kaka Komeo,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, na umekaa chini, maana bahasha ina kitu kingine cha kusoma. Mimi sijambo. Kazini mambo ni yale yale: kiwanda cha uchapaji, chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta, na mimi nasahihisha vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa. Kutwa nzima nasoma kizunguzungu, kutapika, kuota ndoto mbaya, muone daktari. Halafu watu wananiuliza vitisho vyangu navitoa wapi.

Wifi hajambo? Mwambie lile sweta limenikaa sawasawa ingawa alinipima kwa kukisia. Na chumba cha mama je, mmeshakipanga? Nilikuuliza mwaka jana hukunijibu, sasa nauliza tena.

Haya, habari yenyewe ni hii. Nimepeleka hadithi kwenye Tuzo ya Taa. Wewe unaijua kwa sababu nimekuimbia miaka yote, lakini msomee wifi naye aelewe: ni tuzo ya sisi tunaoandika hadithi za kutisha. Chama chetu kinakusanya hadithi, kinafuta majina, kinawapa majaji, na atakayeshinda anapewa taa ya chuma isiyo na utambi. Haiwaki, na wala haikutengenezwa iwake. Wenzetu wanaoandika mapenzi wana tuzo zenye hundi na picha kwenye magazeti. Sisi tuna taa ya giza, na hakuna hata mmoja wetu ambaye asingeuza kitanda chake aipate.

Mwaka huu taa ya heshima, ile ya kazi ya maisha yote, anapewa Mkunga. Unamkumbuka, yule bibi aliyezalisha nusu ya mji wake, akastaafu, ndipo akaanza kuandika. Ni yeye aliyeandika ile ya kikombe, uliyoisoma ukaacha kunywa chai kazini mpaka wifi akakununulia bilauri. Ndani yake hamna damu wala mzimu. Ni kikombe tu, ambacho kila asubuhi kinakutwa kimeshaoshwa. Nimeisoma mpaka kurasa zimelegea na bado sijui anafanyaje. Mtu kama huyo nikiwekwa naye chumba kimoja nitasema nini mimi?

Sasa usinune. Nimevunja utaratibu wetu. Tangu hadithi yangu ya kwanza kabisa, iliyokutuma ukafunge komeo la ziada mlangoni, sijawahi kupeleka kitu popote kabla hujaniambia kina makomeo mangapi. Moja, nzuri. Mawili, nzuri sana. Mawili na kiti nyuma ya mlango, naenda posta nikikimbia. Safari hii muda ulikuwa unakwisha, nikapeleka kwanza. Nakala yako ndiyo hii. Ni mwanamke aliyekufa, na kila jioni anarudi kutoka kazini na ufunguo wake. Zaidi ya hapo sisemi, soma mwenyewe, mchana, watu wakiwepo.

Ingekuwa rahisi kupiga simu, najua. Lakini mama alishasema simu ni ya misiba na wagonjwa, mengine yaandikwe, na mpaka leo simu ikilia mimi natafuta kwanza pa kukaa.

Nipe makomeo yangu.

Mdogo wako


1 Machi

Bi Vitisho,

Salamu zako tumezipata, na sweta wifi yako anasema alikupima kwa macho na macho yake hayajawahi kukosea, aliponiona mimi tu ndipo yalipoteleza. Tuko salama. Goti lake linasumbua akipanda ngazi, kwa hiyo kamba ya nguo nimeihamishia chini.

Kazi ipo. Nimepata mashine mpya ya kuchonga funguo, ina kelele kama mtu anayekoroma na mafua. Juzi kaja mteja, mtu mzima na tai yake, kajifungia nje ya gari huku injini inaunguruma. Nikamfungulia. Akaniuliza kama najua kufungua mlango wowote. Nikamwambia naam, ila ndani akiwepo paka mweusi nakurudishia hela yako. Akadhani natania.

Uoga wangu uko palepale, usiwe na wasiwasi. Wiki iliyopita nimeliambia koti langu mwenyewe "karibu", lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango wa kibanda na mabega yake limeyanyanyua.

Habari ya Mkunga nimeifurahia. Bibi huyo ni mtu hasa. Watu wanadhani kutisha ni kupiga kelele, wakati yeye ananong'ona tu, na unasogea mwenyewe usikie vizuri, ndiyo basi tena. Ukikutana naye umwambie yuko fundi vitasa mmoja mahali fulani ambaye tangu mwaka ule hajashika kikombe. Na wewe usijidharau mbele yake. Ile yako ya ngazi mpaka leo inanifanya nihesabu vidato nikipanda, na ile ya picha ya darasa imenifanya nigeuze picha zetu zote ukutani. Wifi yako alizigeuza tena. Nikazigeuza.

Hii mpya nimeisoma kibandani, mchana, watu wakiwepo, kama ulivyoniagiza. Nikairudia.

Haina komeo.

Mvua huku zimeanza mapema. Bati la jikoni nimelibadilisha. Kula vizuri, na hicho chumba chenye dirisha moja waambie wakufungulie la pili.

Kaka yako


19 Machi

Kaka,

Nafurahi goti la wifi limepatiwa kamba ya chini. Mwambie apake mafuta ya moto kabla ya kulala na asibebe ndoo. Mimi kikohozi kimekwisha. Jirani wa juu amehama, sasa dari imenyamaza, nimeanza kuzikumbuka zile ndala zake.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa bahati mbaya.

Sijakasirika. Tumekubaliana tangu zamani kwamba wewe husemi uongo kuhusu makomeo, na ukianza kunionea huruma biashara yetu imekufa. Lakini kaka, hata nusu? Hata kuinuka tu ukatazama kama mlango umefungwa? Ile ya mbwa wa posta, ambayo mimi mwenyewe naionea aibu, uliipa moja.

Tatizo ni kwamba imefika fainali. Zimebaki hadithi tano, na yangu imo. Walituita kwenye chumba cha chama, kile kilicho juu ya duka la viatu, tunywe chai na tuelezwe taratibu. Natamani ungewaona watu hawa. Daktari wa meno mwenye sauti ya taratibu, anakuvutia kiti kabla hujakaa. Dereva wa lori aliyekuja na keki aliyoioka mwenyewe. Hao ndio wanaowanyima watu usingizi. Mmoja alimkuta nondo amenasa kwenye pazia, akamtoa dirishani kwa kumkinga na viganja, na huyo ndiye aliyeandika ile ya shimo la choo. Sijawahi kukaa na watu wapole kiasi kile. Nadhani kila kibaya wanakiacha kwenye karatasi, hawabaki nacho.

Na Mkunga alikuwepo. Ni mfupi kuliko nilivyodhani, ana mikono mikubwa, anacheka kwa tumbo. Nilimpa ujumbe wako wa kikombe. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna mhariri aliyewahi kuniuliza: "Nani anakuogopea?"

Sikumwelewa. Akasema kila mwandishi wa vitisho ana mtu wake anayeogopa kwa niaba ya watu wote. Wake alikuwa mumewe. Alikuwa akimaliza kusoma anatoka tu kwenda kuanua nguo kambani, zikiwa kavu au mbichi, na mke akimwona anaanua nguo anajua hadithi imekubali. Mume alipofariki, Mkunga alikaa miaka bila kuandika mstari. Alikuwa hajui kama ametisha. Mpaka binti wa jirani alipojitolea, na huyo anaficha viatu.

Nikamwambia mimi ninaye kaka yangu. Akauliza, na hii ya fainali alifanyaje? Nikadanganya. Nilimdanganya Mkunga, kaka, uso kwa uso, nikasema uliweka mawili na kiti.

Kwa hiyo nimeamua. Taratibu zinaruhusu mtu kuitoa hadithi yake mpaka mwisho wa Aprili, na nafasi anapewa wa sita. Nitaitoa. Majaji wanaweza kukosea, wewe hukosei. Siwezi kusimama kwenye ukumbi ule, mbele ya mwanamke yule, nisome kitu ambacho hakikumtisha mtu anayetishwa na koti.

Niambie tu imekufa ukurasa gani, nijifunze.

Mdogo wako


10 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mafuta ya moto amepaka, anasema ahsante.

Usiitoe.

Haijafa ukurasa wowote. Hakuna sehemu inayolegea, na hiyo ni hadithi nzuri kuliko zote ulizowahi kuandika, na mimi nimezisoma zote, mpaka ile ya mbwa. Siku ile nilifunga kibanda saa saba mchana nikarudi nyumbani, wifi yako akadhani naumwa.

Sijui niiseme vipi. Nimeanza barua hii mara kadhaa. Mimi ni mtu wa vitasa, kitu kikigoma nakifungua nikakiona ndani, lakini hiki kila nikikishika mikono inakataa.

Waachie majaji hadithi yao. Hata usiponisikiliza mwaka huu kwa kitu kingine chochote, nisikilize kwa hili.

Kaka yako


18 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na salamu kwa wifi. Mimi mzima. Kazini wametuongezea saa moja ya jioni, dawa mpya zimekuja nyingi.

Umeniambia nisiitoe, nami nakuuliza kwa nini, unanijibu mikono inakataa. Hivyo ndivyo tunavyoongea siku hizi. Nakuuliza chumba cha mama, unanieleza bati la jikoni. Nakuuliza hadithi, unanieleza goti. Zamani ulikuwa unaniandikia mpaka pembezoni mwa karatasi.

Basi nianze mimi, labda ndiyo namna.

Hadithi ile sikuitoa hewani. Unakumbuka nilipokuja baada ya mazishi ya mama, wiki ya tatu, sikuwa nimewaambia. Nilitaka kuwashtua. Nilifika jioni, nikapita uani, nikatoa ufunguo wangu, ule ule niliokuwa nao tangu shule, wenye uzi mwekundu. Nikauvuta mlango kwangu kidogo kama mama alivyotufundisha, maana bila kuuvuta haugeuki. Nikageuza. Haukugeuka. Nikaufuta kwa kanga, nikajaribu tena. Nikauvuta zaidi. Ndani nilikuwa nasikia sahani, nasikia wifi anacheka, naisikia redio. Nikaangalia kitasa, nikaona ni kipya, kinang'aa.

Mlikuwa na haki, nyumba mnakaa nyinyi. Niligonga, ukafungua, ukanikumbatia, ukaniuliza mbona sikusema nakuja. Hukusema neno kuhusu kitasa, na mimi sikuuliza. Nilijiambia, kumbe mama akishatoka na mimi nimetoka. Kesho yake nikasingizia kazi nikaondoka, na tangu hapo sijarudi, na wewe hujaniuliza kwa nini.

Niliporudi huku nilikaa nikafikiria: hivi angekuwa ni mama? Amemaliza zamu yake ya kufua mashuka ya hospitali, mikono inanuka sabuni, amechoka, anafika mlangoni pake, ufunguo haufungui. Hana hasira. Anaufuta ufunguo kwenye upindo wa gauni anajaribu tena. Na ndani watoto wake wamekumbatiana, wanasukuma kabati mlangoni. Ndiyo nikaandika. Nilikuwa naogopa mwenyewe nikiandika, kaka, nilikuwa naandika huku nimeupa mlango uso.

Nikakuletea wewe, ukaniambia haina komeo.

Barua ya kuitoa nimeshaiandika. Ijumaa ya mwisho ya mwezi nampelekea katibu wa chama. Kama una neno, liseme kabla.

Mdogo wako


24 Aprili

Mdogo wangu, Bi Vitisho,

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, yule niliyemtengenezea buti la gari, ameniapia utaipata kesho. Posta siiamini kwa hili. Simu nimeishika mara mbili nikairudisha chini, nikakuona unatafuta pa kukaa.

Wifi yako hajambo, amenisusia chai mpaka nikuandikie, anasema wote wawili tuna vichwa vya nazi.

Kwanza kitasa. Mdogo wangu, mimi ni fundi. Nyumba ikifiwa, mimi naitwa. Sijui kama unalijua hilo. Watu wakishazika, wiki ya pili hivi, wananiita: fundi, funguo zimezagaa, mpishi alipewa, mjomba alipewa, badilisha. Nimefanya hivyo nyumba nyingi mpaka mikono inafanya yenyewe. Mama alipoondoka nyumba ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu chungu nzima, na ufunguo wake hatukuuona. Nikabadilisha. Sikufikiria kitu. Nilikuwa napiga mluzi, wifi yako ni shahidi. Wako mpya nilikuchongea siku hiyo hiyo nikauning'iniza kibandani kwenye msumari wenye jina lako. Ulipokuja kwa ghafla, kwa furaha ukanitoka akilini, na kesho yake ulishaondoka. Nilijua umenuna, sikujua kwa lipi. Nikadhani ni kwa sababu mama alifia mikononi mwangu wewe uko mbali. Hilo nikaliogopa kuliko koti, ndiyo maana sikuuliza.

Sasa hadithi.

Nilianza kuisoma kama kawaida, mgongo nimeupa ukuta, na wateja wawili mbele yangu. Ukurasa wa kwanza nywele zikasimama, nikasema haya, tumeanza. Nikaanza kupanga jioni nitafunga nini na nini. Halafu nikafika pale mwanamke anaposhika mlango, na kabla ya kugeuza ufunguo anauvuta mlango kwake kidogo.

Hakuna mlango mwingine duniani wenye ulemavu ule, isipokuwa wetu. Nikajua ni nani aliyesimama nje.

Na pale pale hofu ikaniisha. Mimi, dada. Nilikuwa nawachukia wale waliomo ndani ya hadithi wanaosukuma kabati. Nilikuwa nataka kuingia kwenye karatasi niwashike mashati. Nikawaza, huyu mama amefua mashuka ya watu siku nzima, anarudi kwake, na aliyemfungia nje ni fundi, mwanawe wa kumzaa, na tena alikuwa anapiga mluzi.

Nilifunga kibanda. Nyumbani nikatafuta lile kopo la vitasa vya zamani, unajua mimi situpi kitu. Kitasa cha mama kilikuwemo, kina kutu kidogo. Nikakifungua, nikakisafisha, nikakitia mafuta, nikang'oa kipya nikakirudisha kile. Wifi yako amesimama nyuma yangu ananiuliza kimeharibika nini. Nililia, mdogo wangu, nikiwa nimepiga magoti na bisibisi mkononi.

Kile kigugumizi chake ningeweza kukimaliza kwa kupitisha tupa mara chache. Sikukigusa. Bado unatakiwa uuvute mlango kwako.

Na makomeo nimeyatoa, yote, hata yale ya hadithi zako za zamani. Mlango una kitasa cha mama tu. Wifi yako ndiye anayeogopa sasa, analala na mwiko chini ya mto. Mimi jioni nikisikia kishindo uani sishtuki. Nainua kichwa tu.

Ndiyo maana nilikuandikia haina komeo. Nilikuambia ukweli. Kipimo chetu kinahesabu ninavyofunga, hii ilinifanya nifungue, na hatukuwahi kupanga namba ya hilo. Nilidhani ukisoma utajua. Wewe ndiye mwandishi, mimi napima milango tu.

Chumba cha mama hatujakipanga. Kitanda kimetandikwa, shuka nabadilisha mwenyewe. Kila ulipouliza nilidhani unataka kunicheka, au unataka tukifunge.

Ichane hiyo barua ya katibu. Kama Mkunga ana mume aliyeanua nguo na binti anayeficha viatu, mwambie wewe una kaka aliyebadilisha kitasa.

Kaka yako


3 Juni

Kaka yangu,

Wote hamjambo, na mwambie wifi autoe huo mwiko chini ya mto, shingo itapinda. Mimi nimepewa likizo. Nimemaliza jana karatasi ya dawa ya usingizi, na madhara yake ya kwanza ni kukosa usingizi.

Dereva alinikuta kazini. Nilisoma barua yako kwenye kile chumba chenye dirisha moja, na msimamizi aliponiuliza nimepatwa na nini nilimwambia nimeona kosa la chapa. Ya katibu niliichana. Ningekuandikia mapema lakini kila nilipoanza nililia, nikaona bora ningoje mpaka niwe na habari.

Habari ni hii. Ukumbi ulijaa. Kila mmoja wa fainali alipanda kusoma hadithi yake. Daktari wa meno alisoma ya mgonjwa ambaye kila akija kung'olewa amezidi jino moja, nami nikajikuta nahesabu ya kwangu kwa ulimi, na waliokaa karibu nami mashavu yao yalikuwa yanacheza vile vile. Ni kazi ya fundi ile, haina neno hata moja la kutupa. Kisha nikapanda mimi.

Nilisoma bila kuinua macho. Nilipofika pale anapofuta ufunguo kwenye upindo wa gauni, nilisikia watu wameacha kukohoa. Mwanamke mmoja mstari wa mbele alishika mkono wa mtu asiyemjua. Dereva wa lori alivuta miguu yake juu ya kiti, mtu mzima yule. Nikasema moyoni, haya, makomeo haya hapa, ukumbi mzima.

Nilipofika pale ndani wanaposukuma kabati, nikasikia kiti kinaburuzwa. Mkunga alikuwa amesimama. Aliegemea fimbo yake akapita katikati ya watu, pole pole, mpaka mwisho wa ukumbi, na mimi nikaendelea kusoma kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Akafika mlangoni. Mlinzi akadhani anataka kutoka, akasogea. Hakutoka. Aliufungua mlango wote, bawa hili na bawa lile, akauegemezea kiti usijifunge, akarudi kukaa. Hakuna aliyecheka. Nikamaliza kusoma na upepo wa barabarani unaniingia usoni.

Taa amepewa daktari wa meno. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka, na ninakuapia hakuna kijiba kilichonikaa rohoni, alistahili. Mkunga alipopewa ya heshima hakutoa hotuba. Aliwataja wawili tu, aliyeanua nguo na anayeficha viatu, akasema taa ni yao, yeye alikuwa anaandika tu. Halafu akanitazama pale nilipokaa, akasema, na yule fundi asiyeshika kikombe.

Baadaye nilikiri kwake uongo wangu wa mawili na kiti, nikamweleza ulichofanya. Akasema alikuwa hajui kwamba kazi yetu inaweza kufika huko. Akaniuliza kama nimeshaenda kuujaribu ule ufunguo.

Nakuja Jumamosi, kwa basi la mchana. Safari hii nimesema mapema. Usije kunipokea, na ukisikia hatua zangu uani kaa ulipo, mwambie na wifi akae, redio iendelee. Uzi wangu mwekundu umechakaa lakini upo.

Usinifungulie, kaka. Nitauvuta kwangu kidogo kwanza.

Mdogo wako